Usiku wa picha za harusi

Mwaka 2021 nyumba yetu ya Kigamboni ilikuwa na laini moja ya intaneti, na kila mtu alikuwa na haki nayo. Antena ilikaa juu ya bati, waya ukashuka hadi sebuleni kwenye kisanduku cha kampuni, na hapo wote tukajichotea: Mama na simu zake za video kwa shangazi aliyeko Muscat, baba mdogo wa vyumba vya uani na mpira wake wa Ulaya, mimi na mafaili ya kazi, mdogo wangu na PlayStation yake. Kifurushi kilikuwa cha Mbps 10 (megabiti kwa sekunde) za kushusha na 2 za kupandisha. Bili tulichangiana, na kuchangiana huko ndiko kulikofanya kila ugomvi uwe mzito.

Ikifika saa mbili, saa tatu usiku, mchezo unaanza kuganda. Mdogo wangu anabonyeza pasi, mchezaji wake anasimama kama kapigwa butwaa, halafu mpira unatoka wakati mpinzani keshaunyang'anya. "Baba mdogo, naomba uzime mpira kidogo!" Kutoka uani linakuja jibu kuwa mwezi huu kalipa nani. Tulishapiga simu kwa kampuni, wakatushauri tununue kifurushi kikubwa zaidi. Nilipokiangalia, kasi ya kushusha ilikuwa maradufu, ya kupandisha ileile 2.

Ilikuwa Jumapili, kesho yake baada ya harusi ya binamu yetu. Mdogo wangu alikuwa na mechi ya ligi waliyoianzisha wenyewe na vijana wenzake, wengine wa mtaani, wengine Arusha. Nilikaa nyuma yake kwenye mkeka. Alifungwa bao la kwanza picha ikiwa imeganda, la pili likaingia kipa wake akiwa bado anatambaa kwenda upande mwingine. Hakupiga kelele safari hii. Aliweka padi chini, akafuta viganja kwenye suruali, akaiokota tena. Yule mtoto alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima, na nilichoka kuona nyumba nzima ikimwambia mchezo si kitu cha maana.

Nikafungua laptopu, nikaichomeka kwa waya, nikaanza kupima. Kwanza niliipigia ruta yenyewe, yaani kile kisanduku, pingi: ujumbe mdogo unaopimwa muda wa kwenda na kurudi. Ikanijibu kwa milisekunde 1, 2, 1. Kwa hiyo kati yangu na kisanduku hapakuwa na shida. Kisha nikaipigia 8.8.8.8, anwani ya Google ambayo watu wengi huitumia kupima njia ya nje. Zikaja 740, 910, 1,120, moja ikapotea kabisa, kisha 980. Mchezo wa mpira hauwezi kuchezwa hivyo. Ukibonyeza, amri yako inafika sekunde nzima baadaye.

Nikaenda uani.

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba uzime mpira dakika moja tu, nipime kitu."

"Marahaba. Mmeanza tena."

Lakini alizima. Nikarudi kwenye laptopu mbio: 890, 1,040, 930. Mpira umezimwa na namba hazijashuka. Mzee wa watu alikuwa amelaumiwa miezi yote ile bure.

Nikapita chumba kwa chumba nikiomba simu ziwekwe hali ya ndege. Ya Mama ilikuwa kitandani, imechomekwa chaji, kioo kina joto. Juu ya kioo palikuwa na kimstari kinachotembea: inahifadhi nakala, vipengee 412 vimebaki. Picha za harusi, na video za mwali akiingia ukumbini. Simu zetu zilianza kazi hiyo zikipata waifai na chaji kwa pamoja, na kila mtu alichomeka simu baada ya chakula cha usiku. Ndiyo maana shida ilikuwa na saa zake. Nilipoiweka simu ile hali ya ndege, sebuleni zilikuja 43, 38, 41.

Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo Mbps 2 za kupandisha ni kilobaiti 250 kwa sekunde. Video moja ya harusi ina megabaiti mamia. Simu inasukuma kwa nguvu zake zote, na kisanduku, badala ya kukataa, kinapokea na kupanga kwenye bafa yake, yaani kumbukumbu ya kusubirishia data. Kilobaiti 250 zikishajipanga mbele, paketi ndogo ya mchezo, yaani kifurushi kidogo cha data, iliyokuja nyuma inasubiri sekunde nzima. Mchezo wenyewe hautaki kasi kubwa, unataka usicheleweshwe. Hata mpira wa baba mdogo ulikuwa unakwama kwa sababu hiyohiyo: ili kushusha, lazima maombi na stakabadhi za kuthibitisha kuwa data imefika zipande kupitia mlango uleule.

Mmarekani Jim Gettys, mtaalamu wa programu za kompyuta, aliliona jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010, akanakili mafaili na kuona mtandao wa nyumba nzima umekufa. Mwaka 2012 wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha CoDel, mbinu inayoangalia paketi imekaa foleni muda gani badala ya kuangalia foleni ina urefu gani. Iliyokuja baadaye, CAKE, inaongeza haki: kila kifaa kinapata zamu.

Nilitaka hiyo. Kumfungia Mama simu, au kumpa mdogo wangu kipaumbele juu ya wakubwa zake, kungetuletea ugomvi mpya tu. Kariakoo nikapata ruta iliyotumika ya TP-Link Archer C7, nikaiwekea OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, nikaiweka nyuma ya kisanduku cha kampuni na kuwasha CAKE. Siri iko kwenye namba: unaweka kasi iliyo chini kidogo ya ile halisi, ili foleni isijengeke kwenye kisanduku kisichojua kupanga, ijengeke kwenye ruta inayojua. Antena hupandapanda na kushuka, kwa hiyo niliacha nafasi ya kutosha: kilobiti 8,500 kwa sekunde kushuka, 1,700 kupanda. PlayStation nikaivutia waya ukutani.

Baba mdogo akapima kasi kwa simu yake. "Mbona sasa 8? Tulikuwa na 10. Umetupunja."

Yeye huvuka na pantoni kila asubuhi kwenda kazini Posta, nikamwambia afikirie kama kivukoni Magogoni watu wa miguu wangepangwa nyuma ya malori ya saruji, foleni moja, mmoja mmoja. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mtoto ni mtu wa miguu." Nikasema ndiyo, na picha za Mama ndizo malori. "Na malori yanavuka pia?" Yanavuka, baba mdogo.

Mechi ya marudiano ilichezwa wakati Mama anaongea na shangazi Muscat, uani mpira umewashwa, na simu mbili zinapandisha picha. Niliacha pingi ikikimbia pembeni: 44, 47, 52, 46. Haikuvuka 60. Mdogo wangu alitoka sare ya 2-2, na mabao aliyofungwa alifungwa kwa mpira. Shangazi akauliza kama tumehamia kampuni nyingine, maana uso wa Mama hauruki tena.

Baba mdogo alikuja sebuleni na kalamu, akaniambia niandike zile namba mbili. Niliziandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika mgongoni mwa ruta: kampuni ikibadilisha kasi, hizi nazo zibadilishwe.