Mabua ya tumbaku, mwarobaini na wadudu wa njiwa: mradi wangu hapa Tabora

Machi

Banda langu liko nyuma ya nyumba, Isevya, limeinuliwa juu ya nguzo, na vyumba vyake vya mbao vimepangwa mistari mitatu. Ninachotaka kujua ni kama mimea inayopatikana hapa hapa Tabora inaweza kupunguza wadudu viotani, ili niache ule unga wa dukani ambao wengi wetu tunaupaka bila kusoma karatasi yake. Nitaandika pale panapokuwa na la kuandika.

Kwanza nilitaka kumjua mdudu mwenyewe, maana bandani hayuko mmoja. Ukimshika njiwa mchana, ukamfungua bawa na kulielekeza kwenye jua, utaona vijistari vyembamba vyeusi vimelala katikati ya nyuzi za unyoya. Huyo ni chawa wa bawa. Mwenzake mnene zaidi anakaa kwenye manyoya laini ya kiunoni na tumboni. Wote wawili hawanyonyi damu, wanatafuna manyoya laini. Njiwa mwenye chawa wengi hafi kesho, ila joto linampotea, anakula sana na hanenepi. Chawa huyu anaishi juu ya ndege maisha yake yote, na mayai yake ameyagandisha kwenye unyoya. Ukimtoa kwa ndege anakufa baada ya siku chache.

Utitiri ni habari nyingine kabisa. Mchana hauuoni. Umejificha kwenye nyufa za mbao, chini ya bakuli la kiota, kwenye matundu ya misumari. Usiku unatoka, unapanda kwa makinda na kunyonya damu, kisha unarudi kulala. Kukiwa na joto unamaliza mzunguko wake wa maisha kwa kama wiki moja, na banda likiwa tupu unaweza kuvumilia njaa miezi. Ukiingia na tochi saa tano usiku ukakuta vumbi jekundu linatembea kwenye ubao, ndio huo.

Wa tatu ni inzi bapa wa njiwa, yule anayekimbia kiubavu ndani ya manyoya hata ukijaribu kumkamata anateleza. Huyo ananyonya damu na analeta vijidudu vya damu kwa ndege. Nitamrudia, kwa sababu ana siri na chawa.

Kwangu wote watatu wapo. Mvua imetunyeshea vizuri na banda lina unyevu.

Aprili

Nimekwenda Urambo kwa baba mkubwa. Huu mkoa ukisema unatafuta mmea wa kufukuza wadudu halafu ukairuka tumbaku, watu watakucheka. Nikotini ilikuwa dawa ya wadudu kabla hatujazaliwa, na wafugaji wa njiwa wa Marekani mpaka leo wananunua mabua ya tumbaku yaliyokaushwa, wanawapa ndege wao wajengee viota. Huku kwetu mabua yanang'olewa na kuchomwa baada ya mavuno.

"Shikamoo, bamkubwa."

"Marahaba. Umekuja kusalimia au umefuata tumbaku?"

"Vyote viwili."

"Basi chukua mabua. Majani ni mali ya chama, hayo siwezi kukupa."

Nilipomweleza ya njiwa hakushangaa. Akasema bibi alikuwa akiweka bua chini ya kuku anayeatamia. "Chini," akarudia, "siyo juu." Wakati huo sikumuuliza sababu, lakini nadhani ninaijua. Huko Mexico watafiti wa chuo kikuu cha taifa walichunguza shomoro wa mjini wanaookota vichungi vya sigara na kuvitia viotani. Kwenye makala yao ya 2013 walionyesha kwamba kiota chenye vichungi vingi kilikuwa na utitiri kidogo. Baadaye wakakuta pia dalili za madhara kwenye chembe za damu za makinda waliolalia vitu hivyo. Nikotini haichagui, na inapita kwenye ngozi. Wavunaji wa tumbaku wanaoshika majani mabichi yenye umande wanaumwa kichwa na kutapika kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kwangu bua linakaa chini ya bakuli la kiota, na kinda asiye na manyoya haligusi. Tena ni bua tu, ambalo lina nikotini kidogo kuliko jani.

Mei

Mvua imekata. Nimekata matawi ya mwarobaini na kuyakausha kivulini. Hapa nisisitize kivuli, kwa sababu naona watu wanaanika mwarobaini juu ya bati mpaka unakuwa kama chipsi. Kilicho ndani yake kinachosumbua wadudu kinaharibika haraka kwa jua kali. Na majani mabichi sitaki kiotani. Yanatoa maji, yanachanganyika na kinyesi cha makinda, ukungu unaota, na ukungu ukiingia kwenye mapafu ya njiwa hakuna mmea utakaomsaidia.

Mpangilio ni huu. Mstari wa juu, mabua ya tumbaku yaliyokatwa vipande vya urefu wa kidole, chini ya bakuli. Mstari wa kati, mwarobaini mkavu uliochanganywa na vijiti ambavyo njiwa wenyewe wanajengea, na vyumba viwili vya mwisho vya mstari huo nimeweka kivumbasi. Mstari wa chini hauna kitu. Mke wangu ameniuliza kwa nini hao wa chini nimewanyima dawa, wamekosa nini? Nimemwambia bila wao sitajua kama dawa ni dawa.

Kupima utitiri natumia boksi. Lile lenye mawimbi ndani nalikata vipande, naviweka pembeni ya kila kiota. Utitiri ukitoka kunyonya unatafuta ufa wa kulala na unaingia kwenye yale mawimbi. Asubuhi nachukua kipande, nakigonga juu ya karatasi nyeupe, naangalia, kisha nakitupa motoni. Chawa nawaangalia kwa bawa moja, lile lile la kulia, kwenye mwanga wa saa nne.

Utupa niliutajiwa na jirani, na kweli unaua. Ndio ule ule wa kuvulia samaki kwa sumu. Sitaki kumwaga maji yake jirani na kisima.

Juni mwishoni

Kwa utitiri, mstari wa tumbaku umejitenga waziwazi. Vipande vya boksi vya juu vinatoka karibu safi, vya chini bado vinadondosha vumbi linalotembea. Mwarobaini uko katikati, na nafuu yake imechelewa kuonekana. Hilo linaendana na tabia yake: mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo, unamkatisha hamu ya kula na kumvuruga asikue wala kuzaa sawasawa. Kivumbasi kinanukia vizuri sana, banda zima linanukia, lakini harufu ikiisha na kazi imeisha. Labda kwa anayekuwa na muda wa kubadilisha kila baada ya siku mbili tatu.

Chawa sasa. Wamepungua. Nilifurahi mpaka nilipofika mstari wa chini, ule usio na kitu, nikakuta nako wamepungua vile vile.

Julai

Jambo hili la chawa limenifikirisha kuliko yote. Chawa wa njiwa hanywi maji wala damu. Maji yake anayavuta kutoka kwenye hewa. Hewa ikikauka naye anakauka, na watafiti wamelionyesha hilo kwa njiwa waliofugwa kwenye hewa kavu na wengine kwenye hewa yenye unyevu. Tabora ya Julai unaijua: midomo inapasuka, vumbi, majani ya miombo yanadondoka. Kwa hiyo mtu akiweka mwarobaini Mei na kuhesabu chawa Julai, atausifia mwarobaini kwa kazi iliyofanywa na kiangazi. Nashuku nusu ya dawa za chawa tunazosimuliana zimepata sifa zake hivyo.

Na ukifikiri, jani lililoko kiotani litamfikiaje mdudu aliyejibana bawani? Kinda labda, maana analala humo muda wote karibu mwezi mzima, na chawa wake wa kwanza anawapata kwa wazazi humo humo kiotani. Mkubwa anaatamia kwa zamu, dume mchana, jike kuanzia alasiri mpaka asubuhi, na anaondoka na chawa wake.

Anayepambana na chawa wa mkubwa ni mdomo wake mwenyewe. Angalia mdomo wa njiwa kwa ubavu: wa juu una kijincha kinachoning'inia kidogo mbele ya ule wa chini. Dale Clayton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walikata kijincha hicho kwa njiwa, wakaona chawa wanaongezeka, kilipoota tena wakapungua. Mimi ninaye jike mmoja ambaye mdomo wake wa juu ulivunjika ncha. Bawa lake, hata kiangazi hiki, limejaa vijistari. Wenzake wa chumba cha pili wako safi, na wote wanaishi kwenye mstari mmoja wa mwarobaini.

Kwa hiyo nimeongeza beseni la maji, kina cha vidole vitatu, mara mbili kwa wiki. Njiwa si kuku. Kuku anaoga vumbi na majivu, njiwa anataka maji, akitoka hapo anakaa juani anajichambua kwa muda mrefu. Huo muda wa kujichambua ndio ninaoutaka mimi.

Agosti

Kwa yule jike wa mdomo nimetumia pareto, maua yaliyosagwa, niliyoletewa kutoka Nyanda za Juu Kusini. Hii ndiyo pekee kati ya mimea yote ninayoipaka kwenye ndege mwenyewe: kidogo chini ya mabawa na kiunoni, jioni, macho nimeyafunika. Pareto haina shida sana kwa ndege, lakini inaua nyuki, na kwa mkoa wa asali kama huu si jambo dogo. Jirani wa pili ana mizinga, kwa hiyo napaka jua likishazama na nyuki wakisharudi. Unga wake ukiuacha kwenye mwanga unabaki vumbi tu, mimi nautunza kwenye kopo jeusi.

Baada ya hapo chawa wake walipungua sana, nikarudia baada ya wiki mbili kwa ajili ya wale wanaoanguliwa.

Oktoba

Joto. Utitiri umeanza kupanda hata mstari wa tumbaku, kwa hiyo mabua hayadumu milele. Nimebadilisha yote na mapya. Nimesugua nyufa kwa maji ya moto na kuziba nyingi kwa udongo. Nimetoa pia kiota cha shomoro kilichokuwa kwenye paa la banda, kwa sababu nao wanabeba utitiri.

Sasa yule inzi bapa. Siri yake ni kwamba chawa wa bawa humdandia miguuni na kusafiri naye kutoka njiwa mmoja hadi mwingine, hata kama njiwa hao hawagusani. Na inzi huyo, kabla hajawa inzi, ni kibuu ndani ya gamba jeusi linalong'aa kama mbegu ya mchicha iliyonona, limelala kwenye takataka za kiota wiki tatu hadi nne. Nilikuwa nayaona magamba hayo nikidhani ni kinyesi cha panya. Kwa hiyo kiota kikisafishwa na takataka kuchomwa kabla wiki tatu hazijaisha, unamkata inzi, na chawa anakosa usafiri. Jani la kiotani halimfikii chawa, lakini fagio linamfikia kwa mlango wa nyuma.

Ratiba ninayoanza nayo msimu huu wa mvua: takataka za kiota zinafagiliwa na kuchomwa kabla wiki tatu hazijaisha, hata makinda wakiwemo; makinda wakiondoka, bakuli linatolewa, linasuguliwa, linaanikwa, takataka motoni, mabua mapya chini, mwarobaini mkavu kidogo juu ya vijiti. Mstari wa chini unabaki bila mmea mpaka Aprili, ila usafi wanapata sawa na wengine, maana hewa ikirudi kuwa na unyevu ndipo nitajua kama chawa wanafuata mstari au wanafuata mvua. Bamkubwa ameahidi gunia jingine la mabua, kwa sharti nimpelekee jozi ya njiwa weupe.