Baba na bastola za filme
Jana usiku umeme ukarudi hapa Birere, mtaa wa Goma, tukawasha televisheni, baba akaanza kucheka peke yake. Zamani alikuwa polisi, ila tangu AVC (kiharusi) imupige mkono wa kuume haushike kitu. Eti ona huyu kijana wa filme analaza bastola kando, atapiga ukuta! Kajino ka kulengea ka mbele ya bastola kakae katikati ya kapengo ka nyuma, jicho liangalie kajino, mutu wa mbele abaki na ukungu kidogo, kidole kivute polepole bila kushtua mkono. Akanionyesha na kidole cha kushoto, kikatetemeka, akakishusha. Miye nikajifanya sijaona, nikachukua kijiko nimulishe bugali. Akakataa, leo anakula mwenyewe! Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, nusu iliishia kwa shati, lakini sahani alimaliza.