Tafakari ya Juma: Aketiye Mahali pa Siri (Zaburi 91:1-4)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Zaburi ya 91 wengi tumeikariri, na pengine ndiyo maana haitutulizi. Hofu ikibisha hodi tunaikimbiza mistari yote 16 kwa pumzi moja, tunafunga Biblia, hofu imekaa pale pale. Zaburi yenyewe inaanza na "Aketiye". "Mahali pa siri" kwa Kiebrania ni seter, maficho, mtu anaposetirika. Huko hakuingiwi mbio.

Juma hili tuchukue mistari minne tu, dakika 20, kabla ya kulala. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, wanayoifuata wamonaki wetu wa Peramiho na Ndanda, imeipanga zaburi hii katika sala ya mwisho ya siku. Keti kwenye kiti, kitandani utasinzia. Soma kwa sauti, polepole, mara mbili. Guigo II, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12 huko Ufaransa, alifananisha kusoma na kutia chakula mdomoni, na kutafakari na kukitafuna. Basi tafuna neno moja lililokugusa. "Kwa manyoya yake atakufunika": manyoya! Kifaranga aliye chini ya mbawa za mama yake hamwoni mwewe. Anasikia joto tu, na moyo wa mama unavyodunda juu yake. Kaa hapo hata dakika saba.

Kisha sali. Mtajie Mungu hofu yako kwa jina: ada ya shule, majibu ya vipimo, mtoto asiyepiga simu. Halafu nyamaza kama dakika tano. Mawazo yatakuja, usipigane nayo, litamke neno lako mara moja, unyamaze tena.

Kosa linalotuumiza zaidi ni kuigeuza zaburi hirizi, Biblia wazi chini ya mto. Shetani naye aliinukuu, mistari ya 11 na 12, akimtaka Bwana ajitupe kutoka kinara cha hekalu (Mathayo 4:6). Akaishia hapo, kabla ya ule wa 13 unaosema nyoka atakanyagwa. Wala hakufika wa 15, Mungu mwenyewe anaposema: "Nitakuwa pamoja naye taabuni." Taabuni humo humo. Kwa hiyo ukisali siku tatu na deni likawa bado lipo, usidhani umekosea njia. Endelea usiku wa nne.

Ukishtuka usiku wa manane, usiwashe simu. Keti, anza na lile neno ulilolitafuna jioni.