Ada ya chuo binafsi, boom, na barua niliyoandika usiku wa kuamkia mtihani

Jamani msimu umefika tena. Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke simu yangu haipoi, wadogo zangu wananiuliza dada nimechaguliwa chuo binafsi niende au nisiende, mkopo nitapata, kuna ufadhili gani, nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka nikaona bora niandike yote hapa. Naandika kama mtu aliyepita humo. Nimesoma ualimu chuo binafsi hapa Mwanza kuanzia 2018 mpaka 2021, na kidogo nisimalize, na kilichotaka kunirudisha nyumbani sio masomo, ni ada.

Kwanza kuna hili la mtaani, kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali (HESLB) ni wa watoto wa vyuo vya serikali kama UDSM na UDOM tu. Sio kweli. Chuo kikiwa kinatambulika na TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, na kozi yako inatambulika, unaomba kama wengine, chuo cha serikali au cha kanisa au cha waislamu au cha mtu binafsi. Tatizo linakuja baadaye, kwa sababu mkopo sio kitu kimoja. Una vipande vyake, kuna chakula na malazi ambayo ndio boom, kuna ada, kuna vitabu na viandikwa, kuna mafunzo kwa vitendo, utafiti, na mahitaji maalum ya kitivo. Unaweza kupewa kipande hiki ukakosa kile, na ada unaweza kupewa asilimia tu. Kwa hiyo mtu akikwambia nimepata mkopo muulize amepata nini, maana mwaka wangu wa kwanza na mimi "nilipata mkopo", mama akafurahi akaita majirani, kumbe nimepangiwa chakula na malazi yote, ada sifuri.

Hesabu ilikuwa hivi. Boom wakati ule ilikuwa sh. 8,500 kwa siku, wanakupa ya siku 60 kwa mkupuo, yani 510,000, mara nne kwa mwaka, jumla 2,040,000. (Ilipanda 2022 ikawa 10,000 kwa siku, mkupuo sasa ni 600,000.) Ada yetu ilikuwa 1,300,000. Juu yake kuna ile tunayoita dairekti kosti, bima ya afya NHIF 50,400, ya TCU 20,000, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, mitihani, kwangu ilifika kama laki mbili. Toa milioni moja na nusu kwenye boom unabaki na 540,000 ya mwaka mzima. Geto letu, yani chumba cha kupanga, la watu wawili mimi nachangia 40,000 kwa mwezi, miezi nane ni 320,000. Imebaki 220,000 ya kula siku 240, haifiki 920 kwa siku, na sahani ya wali maharage kwa mama ntilie pale getini ilikuwa 1,500. Hesabu hii nilitakiwa kuipiga kabla sijathibitisha chuo, nimekuja kuipiga mwezi wa pili nikiwa tayari darasani, nimekaa kitandani na karatasi, nikaona haiwezekani ila nikajiambia Mungu yupo na mama yupo.

Mama anauza dagaa. Anachukua magunia pale soko la samaki la Kirumba mwaloni anauza rejareja mtaani kwetu. Boom ya kwanza nikalipa ada 400,000, ya pili 400,000, nakula mlo mmoja na chai, mama ananitumia elfu kumi elfu tano. Basi Machi mvua zile za masika zikanyesha usiku, turubai lilikuwa limechanika upande wa ukutani, asubuhi mama anafunua magunia manne yote yameloa. Dagaa akishaloa anabadilika rangi na harufu, hata wale wanaonunua kwa ajili ya chakula cha kuku wanakushusha bei mpaka unalia. Mtaji wote ukaondoka siku moja. Boom ya tatu ilipoingia nilituma 300,000 nyumbani, sikufikiria mara mbili, na hata leo ningetuma. Chuoni nikapeleka 50,000 tu. Nikawa nadaiwa 450,000.

Wiki ya mitihani ya mwisho chuo kikabandika orodha ya wasioruhusiwa kuingia. Pale ubaoni watu wamejazana, kila mtu anapitisha kidole kwenye karatasi kutafuta namba yake, anayejikuta hayupo anatoka anacheka kwa sauti, anayejikuta anatoka kimya akiangalia chini. Namba yangu ilikuwa ukurasa wa pili. Nikaenda dirisha la uhasibu, kaka wa pale hakunyanyua hata uso, akasema lipa upewe kibali, anayefuata. Boom ya nne ilikuwa haijaingia.

Nilienda kukaa maktaba kwa sababu geto sikutaka kurudi. Kulikuwa na mama mmoja wa pale maktaba, mtu mzima, alikuwa ananiona kila siku nakuja mapema kwa sababu ya kukwepa njaa ya asubuhi. Akaja akaniuliza mwanangu unaumwa? Nikamweleza. Akasema, futa machozi uandike barua, andika unadaiwa shilingi ngapi, unazo ngapi, na utamaliza lini, umpelekee mshauri wa wanafunzi mkononi, sio dirishani. Kwa kweli nilikuwa sijui kama hilo linawezekana. Miezi tisa chuoni na hakuna mtu alishawahi kuniambia.

Niliandika usiku ule, nakala ninayo mpaka leo. Sehemu ya katikati inasema: "Nadaiwa shilingi 450,000. Fedha ya Bodi ya robo ya nne ikiingia nitalipa 250,000 siku hiyo hiyo. Iliyobaki 200,000 sina pa kuitoa, naomba nifanye kazi yoyote ya chuo wakati wa likizo mpaka iishe. Mama yangu amepoteza mtaji mwezi Machi, naambatanisha barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa." Ile barua ya mwenyekiti mdogo wangu aliifuata usiku akanitumia picha, nikaichapisha asubuhi kwa 200.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mshauri, saa nne nilikuwa na kibali, saa nane nikaingia chumba cha mtihani. Matokeo walisema yatazuiliwa mpaka deni liishe, sawa, nikakubali. Likizo nzima nikafanya kazi maktaba, kupanga vitabu na kubandika namba mpya kwenye migongo yake, wanahesabu masaa wanapunguza kwenye deni.

Sasa kinachoniuma hadi leo ni hiki. Wakati nafanya kazi pale ndio nikajua kwamba chuo kilikuwa na kamati ya kusaidia wanafunzi wenye shida na fungu lake kila mwaka, kulikuwa na punguzo kwa ndugu wawili wakisoma pale pamoja, kulikuwa na wafadhili wa nje waliokuwa wanalipia watoto kumi na kitu kupitia kanisa, na mwaka ule fungu la kamati lilikuwa halijaisha. Halijaisha! Kwa sababu walioomba walikuwa wachache. Na mwenzangu wa geto aliondoka Mei. Alikuwa anadaiwa pungufu yangu, laki tatu na ishirini. Aliuza godoro kwa jirani akapata nauli, akafunga begi na ndoo, akaniambia nitarudi mwakani. Hakurudi. Alikuwa ananifundisha mimi hesabu za takwimu, sio mimi namfundisha yeye.

Kwa hiyo nyie mnaofanya kazi kwenye vyuo hivi, naomba kwa heshima zote, ile karatasi ya wanaodaiwa mnaibandika kubwa ubaoni, ibandikeni na hii ya msaada pembeni yake. Tangazo moja tu kwamba mwenye shida aandike barua kwa fulani kabla ya tarehe fulani. Mtoto wa mkulima hajui kwamba kuna kuomba, yeye anajua kuna kulipa na kuna kuondoka.

Na wewe unayeingia, uliza wiki ya kwanza. Usisubiri orodha. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi na kwa afisa mikopo uulize ada inalipwa kwa awamu ngapi, kuna kazi za wanafunzi, kuna punguzo, kuna mfadhili, fomu yake inatoka lini. Uliza hata kama mwaka huo unazo hela.

Turudi kwa Bodi, kwanini mimi nilikosa ada wakati baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano? Hii nayo nilikuja kuijua baadaye. Cheti changu cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa kwa L, cheti chake cha kifo limeandikwa kwa R. Kwetu huku L na R mdomoni ni kitu kimoja, aliyeandika kaandika alivyosikia. Lakini cheti kinatakiwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na mtu wa L na mtu wa R ni watu wawili, kwa hiyo kwenye karatasi mimi nilikuwa na baba mzima anayeweza kunilipia. Nilienda kwa wakili nikala kiapo cha majina, nikahakiki vyeti upya, dirisha la rufaa lilipofunguliwa nikakata rufaa, mwaka wa pili nikapangiwa na ada, sio yote lakini nilipumua. Boom ikarudi kuwa ya kula.

Siku hizi kila msimu wa maombi nakaa Jumamosi kwenye steshenari ya rafiki yangu nawasaidia watoto kujaza, na makosa ni yale yale. Majina. Sahihi ya mwenyekiti wa mtaa ipo lakini muhuri hakuna. Ukurasa wa wakili au hakimu umepakiwa nusu kwa sababu simu iliskani vibaya. Na kuna hili ambalo watu hawalioni kabisa, mtoto maskini aliyesoma sekondari binafsi ya ada kubwa kwa sababu kuna mtu au shirika lilikuwa linamlipia. Bodi inaangalia ulisoma wapi, ikiona shule ya mamilioni inajua kwenu mnajiweza. Mwaka jana alikuja kijana mmoja kutoka Sengerema, yatima wa pande zote mbili, amesomeshwa na masista kuanzia fomu wani, na hakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alifadhiliwa. Nikamwambia mdogo wangu acha kujaza, funga hiyo fomu, panda kivuko urudi ukachukue barua ya ufadhili kwa masista kwanza. Alikuwa ameshalipia ile 30,000 ya maombi na alitaka amalize siku hiyo hiyo, akaninunia. Alirudi baada ya siku tatu na barua ina muhuri na picha yake. Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka alikuwemo, ada na boom.

Kama kwenu mko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, andika, na namba ya kaya iwe sahihi. Kama umefaulu sana sayansi angalia Samia Skolashipu, ulianza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba, ule ni ruzuku haurudishwi. Sisi wa ualimu wa sanaa hautuhusu ila ukikuhusu usilale.

Mkopo unarudishwa, hilo lijue mapema ili lisikushtue. Mimi nimeajiriwa, nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, ndio sheria tangu marekebisho ya 2016. Zamani juu yake kulikuwa na ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, deni lilikuwa linaongezeka huku unalipa, Rais Samia alitangaza kuifuta hapa hapa Mwanza siku ya Mei Mosi 2021, sisi tuko mwaka wa tatu, hosteli zilipiga kelele kama Simba na Yanga. Makato yanauma lakini sijutii, kila nikiingia darasani kufundisha najua nilifikaje.

Kuhusu niende au nisiende, siwezi kukujibu bila karatasi. Chukua ada ya chuo, jumlisha dairekti kosti yote, jumlisha chumba na chakula, toa unachoweza kupata nyumbani kwa uhakika, sio kwa ahadi ya mjomba. Halafu pima kama utapata boom tu bila ada, kama mimi, utaishi vipi. Kama umechaguliwa vyuo viwili piga hesabu zote mbili kabla hujathibitisha kimoja. Nitumie hiyo karatasi tuiangalie pamoja, nitakujibu hata kama ni usiku.

Jumamosi hii nipo steshenari kuanzia saa tatu. Wale mnaojua tunapokaa njooni na cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kama mzazi amefariki, na kabla hujatoka nyumbani kaa na mama au bibi msome majina yote herufi kwa herufi, L iwe L na R iwe R.