Ukipenda kukaa nyumbani, usivunje miadi

Watu hawachoshwi na mtu anayependa kukaa kwake. Hilo wanalizoea, na baada ya muda wanalifanyia utani. Kinachowachosha ni ule ujumbe unaoingia saa moja kabla ya kukutana: "Samahani, leo sitaweza." Mwenzako ameshavaa, pengine amekataa mwaliko mwingine kwa ajili yako. Mara ya tatu hatasema kitu. Ataacha tu kukualika, nawe utabaki ukijiuliza kwa nini watu wamekata mguu kwako.

Kwa hiyo kanuni ya mtu wa nyumbani naiona moja: ahidi machache, timiza yote. Mengine ni ufundi wa kuiwezesha hiyo.

Ahadi huvunjika kwa sababu siku ya kuitoa si siku ya kuilipa. Ukiwa Jumatatu, Jumamosi haigharimu kitu. Ikishafika, gharama zote ziko mbele ya macho: kuoga, kuvaa, usafiri, kelele. Raha yake haionekani mpaka ufike. Na makisio ya saa ile huwa mabaya kuliko hali halisi. Mwaka 2014 wanasaikolojia Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa abiria wa treni na mabasi mjini Chicago. Walioombwa wakisie tu walidhani safari ya kukaa kimya ingewapendeza kuliko ya kuongea na mtu wasiyemjua. Walioagizwa waongee kweli walifurahia safari yao kuliko walioagizwa wakae kivyao. Uzito unaousikia ukiwa umeketi sebuleni hautabiri jioni itakuwaje.

Basi usiufungue tena mjadala saa hiyo. Amua tangu jana yake: nguo zitoke kabatini usiku, usafiri ujulikane, na zawadi kama ipo iwe karibu na mlango. Miadi ya jioni ya siku ya kazi iunganishe na kazi, utoke moja kwa moja uende. Ukipitia nyumbani "nipumzike kidogo", ukavua viatu na kujilaza, nusu ya safari imeshakufa. Kama ni lazima upitie, jipe dakika 20 na usiketi mahali laini. Weka pia saa ya kuondoka, si ya kufika tu. "Saa kumi na moja na robo nafunga mlango" inafanya kazi vizuri kuliko "nitakuwepo kama saa kumi na mbili".

Kuhusu idadi ya watu, wengi hujitwisha mzigo usio wao. Wanahesabu kila anayewajua kama deni. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar, anayejulikana kwa hesabu yake ya watu 150 ambao mtu wa kawaida anaweza kudumisha nao uhusiano, huwagawa hao katika duara: 5 wa ndani kabisa, 15 ukijumlisha na hao watano, kisha 50, kisha 150. Duara la ndani ni la watu mnaowasiliana walau kila wiki, na la pili ni walau kila mwezi. Chukua karatasi uandike majina 15, ndugu wakiwemo. Unaoishi nao hula nafasi za mwanzo, kwa hiyo mara nyingi hubaki wawili au watatu tu wa kila wiki, na wengine kama kumi wa kila mwezi. Hao wa mwezi si lazima uonane nao wote. Simu ya dakika kumi inatosha kwa wengi wao. Waliobaki wajulie hali panapotokea jambo, bila kujilaumu.

Sasa kipimo cha muda, ambacho ndicho kinachowaangusha wengi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja, na urafiki wa karibu huvuka saa 200. Piga hesabu: saa mbili kila wiki na mtu yule yule zinafika 50 baada ya wiki 25. Saa tano za sherehe, ukigawa macho kwa watu 30, hazikufikishi popote kwa yeyote kati yao. Hii ni habari njema kwa mtu wa nyumbani. Miadi midogo inayojirudia, yenye siku yake maalumu, inamlipa kuliko mikusanyiko mikubwa, na haihitaji kupangwa upya kila mara kwa jumbe kumi za kwenda na kurudi. Chagua mtu mmoja, siku moja, muda wa saa moja na nusu, kila baada ya wiki mbili. Ikizoeleka, hutahitaji tena kujishawishi.

Kwa wengi, miadi miwili ya nje kwa wiki inatosha, isifuatane siku mbili mfululizo. Shughuli kubwa ikiwa usiku, asubuhi inayofuata iachwe tupu, na uiandike hivyo kwenye kalenda kama miadi kamili, maana nafasi isiyoandikwa hujazwa na mwingine.

Kwenye mkusanyiko mkubwa, fika mapema. Najua kishawishi ni kuchelewa ili muda upungue, lakini anayechelewa huingia kwenye chumba ambacho makundi yameshafungana na sauti zimepanda. Anayewahi hukuta watu sita, anazungumza nao kwa utulivu, mwenyeji anamwona, na akiondoka baada ya saa moja na nusu hakuna atakayesema hakuja. Omba kazi: kupanga viti, kupokea wageni, chochote. Mikono yenye shughuli hupunguza haja ya kutafuta maneno.

Kuondoka nako kuna namna yake. Sema mwanzoni, ukiwa bado na uso mkunjufu: "Nipo mpaka saa mbili." Ukilitangaza wakati umeshachoka, litasikika kama kisingizio. Saa ikifika simama kwanza, ndipo uage. Anayeaga akiwa ameketi hupewa nusu saa nyingine. Muage mwenyeji na yule uliyekuwa ukizungumza naye, basi. Kuwazungukia wote kunaanzisha mazungumzo mapya kumi. Kosa kubwa ni kung'ang'ania mpaka betri iishe kabisa, kwa sababu utakachokumbuka wiki ijayo ni ile dakika ya mwisho ya kero, na mwaliko ujao utauonea uvivu kabla hujausoma.

Kuwaalika watu kwako ndiyo suluhisho linalopendwa, na ni zuri, ila lina mtego: kwako huwezi kuondoka. Weka mwisho ndani ya mwaliko wenyewe: "Karibuni saa tisa mpaka saa kumi na mbili." Wageni wawili au watatu wanatosha. Mazungumzo yakipita watu wanne hugawanyika yenyewe kuwa mawili, na wewe mwenyeji utajikuta ukikimbia kati ya pande mbili. Usisafishe nyumba nzima. Chumba watakachokaa, choo, na njia ya kutoka kimoja kwenda kingine: dakika 40 zinatosha, milango mingine ifungwe. Anayeanza maandalizi alfajiri huwapokea wageni nguvu zikiwa zimeisha, kisha husema kualika watu ni kazi ngumu, kumbe kilichomchosha ni fagio. Ikibaki robo saa, punguza muziki na uanze kukusanya glasi. Kisha wasindikize mpaka nje kabisa. Ukiwaagia mlangoni, mlango hugeuka sebule ya pili.

Kuna pia kukaa pamoja bila shughuli ya pamoja, jambo ambalo nadhani linadharauliwa. Kama Jumapili ungekunja nguo, ungeshona kifungo au kusoma tu, mwite rafiki aje na kazi yake. Hakuna wa kumburudisha mwenzake. Saa zinahesabika vilevile.

Kukataa mwaliko si dhambi. Kuchelewa kukataa ndilo tatizo. Jibu siku hiyo hiyo, kwa ufupi, na kama unamtaka mtu huyo, mpe mbadala wenye siku na saa: "Ahsante kwa kunikumbuka. Jumamosi sitakuja. Jumanne saa kumi na moja una nafasi?" Neno "tutapanga" halihesabiki. Usijaze udhuru mwingi, maana kila udhuru ni mlango wa kujadiliana ("nitakufuata mimi!"), na homa ya uongo itabidi uikumbuke mwezi ujao utakapoulizwa umepona vipi. Asiyekuwemo kwenye karatasi yako ya majina 15 unaweza kumkataa bila mbadala wowote.

Unaoishi nao usiwasahau kwa kuwa mko chini ya paa moja. Kukaa chumba kimoja kila mtu na simu yake si muda wa pamoja. Nusu saa isiyo na skrini inazidi jioni nzima ya namna hiyo. Mwenza wako akipenda kutoka, kubalianeni mwanzoni mwa mwezi ni shughuli zipi mnakwenda wote na zipi anakwenda peke yake bila kununiwa akirudi. Mnapokwenda wote, kila mmoja awe na njia yake ya kurudi. Ugomvi mwingi wa usiku wa sherehe unatokana na usafiri mmoja na saa mbili tofauti za kuchoka.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: upweke unaopendwa hukurudishia nguvu. Ukikaa ndani kisha ukawa mzito zaidi, na hata vitu ulivyovipenda humo ndani vikapoteza ladha kwa wiki mbili au zaidi, hayo si mapenzi ya nyumbani tena, na mtu wa kumwona ni mhudumu wa afya.

Na kama tayari umemwangusha mtu mara kadhaa? Andika sentensi mbili, usilete risala. Taja kosa lenyewe: "Nilikuvunjia miadi mara mbili, haikuwa sawa." Kisha mwaliko mdogo, usiozidi saa moja, mahali karibu naye kuliko kwako, wenye siku na saa. Asipojibu, subiri wiki tatu na ujaribu mara moja zaidi, tena kwa mwaliko mwingine kamili, wala si kwa "mbona umeninunia?"