Lile "jino" lilikuwa neva ya uso: uzoefu wangu

Jamani naandika hii kwa yeyote anayepigwa shoti usoni na kila mtu anamwambia ni jino. Mimi ilianzia shavu la kulia, maumivu yanakuja kama umeshika waya wa umeme, sekunde chache yanakata, ukipiga mswaki au upepo wa dirisha la daladala ukikupata yanarudi. Panadol na diklofenaki hazikufua dafu. Kliniki moja wakaning'oa gego, kidonda kikapona na shoti ziko palepale. Daktari wa meno wa pili ndo aligonga meno yote, akaangalia eksirei, akaniambia dada meno yako mazima, nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Huko nikaelezwa ni neva, yaani mshipa wa fahamu, ya tano ya kichwa, ile inayoleta hisia za uso, ina matawi matatu, la paji na jicho, la shavu na taya ya juu, na la taya ya chini. Kwa wagonjwa wengi kuna mshipa wa damu umeikandamiza neva pale karibu na shina la ubongo, kila ukidunda unaisugua mpaka ganda lake linalika. Nikapigwa MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, kuangalia hilo na kuhakikisha hakuna uvimbe.

Dawa ni kabamazepini. Dada yangu kusoma karatasi akaona imeandikwa kifafa akaanza kulia, ikabidi nimweleze kwamba inatuliza neva inayofyatuka ovyo, ndo maana inatumika kwa yote mawili. Nilianza na miligramu 100 asubuhi na jioni ikapandishwa taratibu, mwanzoni kizunguzungu na usingizi vilinisumbua sana. Usiiache ghafla. Napimwa damu, ini na chumvi ya sodiamu, na nilionywa kabisa kwamba nikitoka vipele nikimbie hospitali siku hiyohiyo. Na akina mama wenzangu, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, mwambieni daktari mapema.

Nyumbani napiga mswaki kwa maji ya uvuguvugu, natafunia upande wa kushoto, na kwenye daladala najifunga mtandio mpaka shavuni. Shoti zinakuja mara mojamoja sasa, nakula chapati na nyama vizuri tu. Dawa ikigoma huko mbele kuna upasuaji wa nyuma ya sikio, wanautenga ule mshipa na neva kwa kuweka kipande cha Teflon, aina ya plastiki, katikati, daktari kasema kwa sasa sihitaji.