Barua Zinazopanda Bila Kuteremka

Ukitaka kujua kwa nini mtumishi amepoa, usianzie kwenye mshahara wake. Anzia kwenye jalada lake binafsi. Mimi ni mtu wa masjala, hapa Tabora, na barua hupita mikononi mwangu kabla hazijapanda kwa wakubwa: uhamisho wa kumfuata mwenza, fedha za likizo, malimbikizo, kupandishwa daraja. Nyingi hupanda zisiteremke.

Baada ya miezi inakuja ya pili, imeambatishwa nakala ya ile ya kwanza, lugha bado ya heshima: "Naomba kukumbushia." Ya tatu huwa fupi. Ya nne haiji, na hapo ndipo mkuu wa idara anaanza kulalamika kwamba fulani siku hizi anasaini na kutoweka.

Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi yetu hii ya Tabora, tulifundishwa habari za Frederick Herzberg, mwanasaikolojia aliyechunguza kinachowafanya watu wajitume kazini. Mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Mshahara na mazingira vikipungua watu hununa, alisema, lakini vikitosha si lazima wajitume. Kinachowasukuma ni kazi yenyewe, kutambuliwa, kukabidhiwa jukumu. Nakubali nusu. Kima cha chini serikalini kilipopanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, korido zilichangamka, tusidanganyane. Mwenye mkopo benki huwezi kumtuliza kwa nadharia.

Fomu za OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa mtumishi, nazikumbuka: zimejazwa zote mwezi Juni, wino mmoja, alama zinafanana ofisi nzima. Sasa kuna PEPMIS, upimaji huohuo kwa kompyuta. Unaingiza kazi kwenye mfumo, msimamizi anathibitisha, asilimia inatoka. Ni afadhali, mtandao ukiwepo. Ila mtumishi akichelewa kuingiza kazi anaonekana, bosi aliyekalia barua yake haonekani.

Tuliwahi kuwa na mama mmoja, kastaafu, aliyejibu kila barua. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana: bajeti haipo, omba tena mwaka ujao wa fedha. Watu walinung'unika kidogo, wakarudi mezani. Hela za kugawa hakuwa nazo. Ijumaa mchana alikuwa akiniita nimpelekee orodha ya majalada yasiyojibiwa, na hatoki ofisini mpaka yaishe. Orodha hiyo bado naiandaa, ingawa hakuna anayeiulizia.